Mwaka Niliokatazwa Kulia

Siku ile nilikuwa nafua uani kwetu Ipogolo, mtoto wangu Neema mgongoni, nikimsema moyoni mume wangu Festo aliyeondoka na lori la mbao kwenda Mafinga bila kuniachia hata ukuni mmoja. Baba mkwe alikuwa barazani na redio yake. Saa ya taarifa ya London hakuna aliyethubutu kukohoa. Mzee yule alipigana Burma upande wa Mwingereza, na jambo lisilotangazwa na London kwake lilikuwa umbea tu.

Jioni Festo akarudi na kuni, pamoja na habari kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka huko Kagera na mgambo wanaandikishwa. Wiki chache baadaye naye akaandikishwa, akapanda lori la kwenda vitani. Nilimfungia viazi vya kuchemsha. Tulidhani ni safari ya mwezi.

Kabla ya Krismasi akaja mtu wa ofisi ya kata, kofia mkononi.

"Mzee, Festo ameanguka. Wamemzika hukohuko."

Nikafungua mdomo nilie.

"Nyamaza," baba mkwe akasema. "Nani amemwona?"

Hakuna aliyemwona.

"Burma, Mwingereza alimzika kila mtu na kibao cha jina lake. Kaburi la mwanangu liko wapi? Mpaka nilione, humu ndani hakuna msiba."

Hapo ndipo nilipofungwa. Sikunyoa nywele, sikukalia mkeka. Nilitaka kwenda kwetu Soweto, Mbeya, nikamlilie mume wangu kwa mama. Nikakataliwa, eti mke wa mtu aliye safarini haondoki. Mimi ni Mnyakyusa, kwetu msiba unaliliwa mpaka ng'ambo ya bonde wasikie. Kilio changu nilikimeza pamoja na ugali. Majirani wakiniuliza, "Mume hajambo?" niliwachukia. Mzee nilimchukia zaidi, lakini nililelewa kwamba baba mkwe hasemeshwi wala hatazamwi usoni. Ningemwambia nini, na kwa mdomo gani?

Mwaka ulipogeuka, Mwingereza naye akawa na yake. Sisi tunasubiri habari za vita, London wanatusomea migomo: madereva wa malori wamegoma, wazoa taka wamegoma, takataka zimejaa mitaani na theluji juu yake. Mzee aliguna tu. Jioni moja wakasema wachimba makaburi wa mji mmoja nao wamegoma, maiti zimelazwa ghalani zinasubiri.

Nilikuwa napepeta mchele. Nikaweka ungo chini, nikamtazama usoni.

"Baba, huyo Mwingereza wako yuko kwake, hana vita, na kashindwa kuzika watu wake. Festo atawekewa kibao na nani?"

Akazima redio. Nilijua nimevunja mwiko.

Siku ya tatu akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Hivi wale hawana watani? Mchimbaji akigoma, si mtani anashika jembe?"

Akaagiza aitwe Komba, Mngoni aliyepasua mbao na Festo kule Mafinga. Wangoni ni watani wa Wahehe, kabila la Festo na baba yake. Msibani mtani ndiye anayechimba, anatukana, anachekesha, na hakuna wa kumkasirikia.

Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba. Cha kuzika kilikuwa koti la Festo. Komba akalivaa kwanza. Akapita uani bega moja juu, vilevile Festo alivyotembea kwa kuzoea kubeba mbao, akaja kusimama mbele yangu.

"Mama Neema, chai iko wapi, au leo tunafunga?"

Ilikuwa sauti ya Festo kabisa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Baba mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakaa chini palepale, akafunika uso.

Komba akavua koti, akalikunja, akashuka nalo shimoni. "Mla mbwa huyu," alisema kutoka chini, tusi lilelile wanalotaniwa Wahehe, "amefia mbali makusudi, tusinywe pombe yake ya ulanzi." Hakuweza kuendelea.

Nikalia. Safari hii hakuna aliyeninyamazisha.

Vita vikaisha, wenzake wakarudi, na hakuna aliyeweza kuniambia alizikwa wapi. Neema sasa ni mtu mzima. Akitaka kwenda kumsalimia baba yake, nampeleka kwenye koti.