Maziwa ya Asubuhi na Nyonga ya Bandia

Mapema mwaka huu, kwenye benchi la hospitali moja huku Mbozi, niliketi jirani na mzee na mkewe, wakulima wa kahawa kutoka Iyula. Mama aliwekewa nyonga ya bandia mwaka jana, na sasa ilikuwa imevimba na kuuma upya. Daktari alikuja na majibu ya maabara, akachuchumaa mbele yao.

"Bakteria huyu ni nadra kumkuta kwenye nyonga," alisema. "Mara nyingi hutoka kwa ng'ombe. Mnakunywa maziwa mabichi?"

Mzee alivua kofia. "Namkamulia mwenyewe kila asubuhi. Nilitaka apate nguvu."

"Atameza dawa kwa miezi kadhaa. Akiziacha njiani, huenda tukalazimika kuitoa nyonga."

Mzee aliinamisha kichwa. Mkewe akamshika mkono.

"Baba, utaendelea kunikamulia," alisema. "Tutayachemsha tu."

Juzi niliwaona sokoni Nanyala. Mama alitembea taratibu, bila fimbo, na mzee alimfuata na kapu. Nimesikia mahubiri mengi ya ndoa, lakini ya benchini ndiyo pekee ninayoyakumbuka neno kwa neno.