Pumzi ya Kuanzia

Kwetu Kilimanjaro, kikundi cha matarumbeta cha kanisa hakina mtu wa kupunga mikono. Kiongozi husimama mbele, huvuta pumzi puani kwa sauti, na wote huanza pamoja. Kiongozi wetu alikuwa baba yangu. Nilijifunza tromboni nikiifuata pumzi ile, kwa hiyo nilipofika Guangzhou kusomea shahada ya uzamili nilikuja na ugonjwa ambao profesa wangu hakuwahi kukutana nao. Mpiga piano akimaliza utangulizi, mimi nilikuwa bado nimeshika ala mdomoni, nimetulia tuli.

“Unamsubiri nani?” profesa aliniuliza kila tulipoonana.

Nilijitibu, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Kufikia mwaka wa mwisho nilikuwa naanza mwenyewe kama watu wengine. Ndipo baba akapata kiharusi. Nilitaka kurudi, tukabishana kwenye simu, yeye kwa ulimi mzito na mimi kwa kupiga kelele. “Maliza,” akasema. “Siku ya mtihani ukitoka tu ukumbini, nipigie mimi kwanza.” Nikakubali. Nikajiambia mtu anayeweza kubisha vile hawezi kufa upesi.

Wiki chache kabla ya mtihani, pumzi ikarudi. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha mazoezi, mchana kweupe, nikaisikia nyuma ya bega langu la kulia, pamoja na kile kimluzi cha pua ya baba iliyowahi kuvunjika. Nikazima kiyoyozi. Ikaja tena. Mimi si mtu wa mizimu, na wanaoongea mambo hayo huwa nawacheka, lakini siku hiyo nilisema “Baba?” Nikampigia dada yangu. Akasema baba amelala. Kesho yake alikuwa amelala tena, na keshokutwa sauti ilikuwa imemkauka, nisimchoshe.

Jumapili nikaenda mtaa wa Zhanqian kwa mama mmoja wa Moshi anayenunua nguo za jumla, ambaye hutulisha wanafunzi. Kwa kawaida nikibisha hodi tu hupaza sauti, “Laoban, bosi wa bomba kaja! Hilo bomba lako utaliuza lini?” Siku hiyo hakunitania. Aliitikia shikamoo yangu huku akiangalia sufuria, akanipakulia ugali na minofu yote mizuri ya samaki.

“Mama, kuna nini?”

“Mei you, hamna kitu. Kula, mwanangu. Wewe soma tu.”

Nilikula kwa woga, na sikuuliza tena.

Siku ya mtihani watu wa kwetu wa Zhanqian walikuja wote. Wafanyabiashara ambao kila nilipowaalika walinijibu kwamba kontena la bandarini Nansha halisubiri muziki, walikaa safu moja, wanaume wametulia, wanawake wamejifunga khanga juu ya suruali. Nilifurahi kama mtoto. Mpiga piano akamaliza utangulizi, pumzi ikavutwa nyuma ya bega langu, nikaanza nayo sawasawa. Katika kipande cha polepole niliwaona wanalia. Nikajisemea, leo nimewapata.

Nikatoka jukwaani nikiwa nimeshatoa simu. Yule mama alikuwa amenitangulia mlangoni na wenzake nyuma yake. Akaifunika simu kwa kiganja chake.

“Usipige kwanza. Kaa chini, mwanangu.”

Sikukaa. Nilimwuliza lini, akaniambia: wiki ileile niliyokula samaki kwake. Walikuwa wameshamzika.

“Mwenyewe ndiye aliyekataza usiambiwe,” akasema. “Alisema ukijua utakuja, na ukija hutarudi kumaliza.”

Alinijua. Nilimkasirikia baba yangu. Nilitaka nibishane naye palepale, nimwambie hakuwa na haki ya kuniamulia, na hapakuwa na wa kunijibu. Wanawake wakanishika mikono. Profesa akaja mbio kutoka ndani, akitabasamu, akatupenya katikati ili awe wa kwanza kuniambia kwamba nimefaulu.