Miti Minne ya Guka

Harufu ya majani chai mabichi kwenye gunia hunirudisha shambani kwa guka, babu yangu, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Kando ya mtaro kulikuwa na miti minne ya chai isiyochunwa, mirefu kutupita. Siku moja, nikitaka kujaza kikapu haraka, niliichuna matawi ya chini.

Guka aliniona. Hakufoka.

“Hiyo ni ya wenzangu wanne,” alisema. “Tulienda vita pamoja, wao hawakurudi.”

Akayatoa majani yale kikapuni, akayarudisha chini ya miti. Mimi nilinuna, kwa sababu kikapu kilibaki nusu.

Guka alipofariki, niliacha mti wa tano bila kuuchuna. Siku hizi wachunaji wapya huniuliza kwa nini tunaruka miti mitano. Nawaambia waendelee na mstari unaofuata.