Neno la Siku Mbaya

Mimi ni mwanamke mkali, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilizaliwa upande wa Rutshuru, kwa watu wa kulima maharage na kunyamaza, na sijui ulimi huu niliutoa wapi. Nilipoolewa Goma, katika ile miaka ya hamsini, niliingia kwenye familia ya Waislamu wenye asili ya Maniema. Bwana yangu alikuwa dereva wa kamyo. Siku nyingi alikuwa barabarani na mizigo ya tajiri wake, na akirudi ananuka mafuta na vitunguu. Kwa hiyo, kusema kweli, sikuolewa na yeye. Niliolewa na mama yake.

Tulikaa parseli moja, ua mmoja wenye nyumba mbili zikitazamana juu ya mawe meusi ya volkano, jiko katikati. Yeye ndiye aliyenifundisha kusali. Na ukishaanza kusali na mama mkwe wako huna siri tena: siku ukiacha mkeka kwa sababu ya damu ya mwezi, anajua. Akijua yeye, anajua jirani, anajua na muuza makaa. Aibu gani hiyo! Mwaka wa kwanza wote nilinuna.

Lakini alikuwa ameona kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona. Siku moja tukitwanga sombe, majani ya muhogo, akaniambia, "Weye uko mutu wa ajabu. Wenzako wakiacha mukeka wanashika tumbo, wanalala. Weye ukiacha mukeka, ndipo unaanza kuimba."

Ilikuwa kweli. Kabla ya damu kuja, kwa siku kadhaa, nilikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha. Kila neno liliniuma. Nililia kwa sababu ya chumvi kuzidi. Nilivunja vyungu. Nilisema, "Niko mutu mubaya," na niliamini hivyo kabisa. Halafu damu inakuja, na asubuhi moja tu yote yanaondoka, nabaki nashangaa vipande vya chungu.

Katika siku mbaya moja nilifunga nguo zangu ndani ya kitambaa cha kikwembe, nikasema ninarudi kwetu, ndoa imekwisha. Kulikuwa na kamyo ya kwenda Kiwanja, upande wa kwetu, inapakia sokoni. Mama mkwe hakubishana. Alichukua ule mzigo akaukalia, na alikuwa mama mnene, kisha akaendelea kuchagua mchele. "Utaenda," akasema. "Ukisha kuacha mukeka, kama ungali unataka, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka ku kamyo." Nilimtukana. Wallahi, nilimtukana kwa Kinyarwanda, matusi ya kwetu, naye akaitikia "ehe" kwa kila tusi, utadhani ninamsalimu. Kesho yake damu ikaja. Nilifungua mzigo kwa mikono yangu, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Toka hapo ikawa sheria ya nyumba: neno nililolisema siku zile halishikwi. Lingoje mpaka nirudi kuwa mimi mwenyewe; kama bado linasimama, hapo ndipo linakuwa neno. Nikimwambia bwana yangu kwamba simpendi, anamtazama mama yake, mama anatikisa kichwa, wanaendelea kula. Iliniudhi mno! Kuna siku nilikuwa na haki kabisa ya kukasirika, bwana amempa rafiki yake blanketi letu zuri, na bado wakatazamana vile vile. Aka!

Kisha nikazaa. Msichana, mzima, nywele tele. Nikawekwa ndani arobaini kama desturi yao. Sikupika wala kuchota maji, nilikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji. Wageni walileta sabuni na maziwa ya ng'ombe toka Masisi. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Nilimtazama mtoto nikaona mgeni. Akilia, nilisikia kama analia kwa jirani. Sikupata usingizi hata alipolala yeye. Maziwa yangu yakapungua, wakaanza kumpa ya ng'ombe kwa kijiko, yakiwa yamechemshwa. Nikasema, munaona, hata ziwa langu linamukataa.

Wote waliingoja arobaini. Hata mama mkwe, aliniambia baadaye, alidhani nikioga nikarudi mkekani giza litafunguka, kama lilivyofunguka kila mwezi. Nikaoga. Nikavaa kikwembe kipya, nikasali. Nilipotoa salamu kulia na kushoto, nilikuwa bado nipo pale pale.

Siku hizo wifi yangu, dada wa bwana, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kasongo. Alikuwa mwanamke mpole, sitamsema vibaya. Aliolewa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Alimbeba binti yangu toka alfajiri, na mtoto alinyamaza kwake. Mimi nikaona: mama ndiye huyu. Asubuhi moja, mbele ya bwana na mama yake, nikamwambia bila kulia, kwa sauti safi: "Muchukue. Enda naye Kasongo. Mimi niko mama mubaya."

Wifi alishtuka, halafu uso wake ukang'aa kwa namna ambayo mpaka leo inaniumiza. Kwao jambo hilo si ajabu. Mtoto hulelewa na shangazi yake na hakuna anayesema ameibwa. Bwana akasema, "Arobaini imeisha, akili yake iko sawa. Kama mama mwenyewe ametoa, mimi nitasema nini?" Boti ya Bukavu, njia yake ya kurudi Kasongo, ilikuwa inaondoka kesho yake. Wifi akaanza kukunja vitambaa vya mtoto.

Na mimi nilitaka mtoto aende. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakuna aliyeninyang'anya, nilitoa kwa mikono miwili.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akaja kusimama mbele yangu, akanikazia macho.

"Kila mwezi huyu anasema vile," akasema. "Niko mutu mubaya, niko muke mubaya. Leo ni mama mubaya. Ni ile ile. Mumuangalie macho. Safari hii imekuja tu ndefu."

"Lakini mama," bwana akasema, "damu ilikatika zamani."

"Mimi sihesabu damu. Ninangoja arudi. Akirudi, tutamuuliza."

Wifi akamtazama mama yake. "Na mimi, mama?" akasema. "Na mimi je?"

 Mama mkwe alivichukua vile vitambaa mikononi mwa binti yake, kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya kapu. Kesho yake alimsindikiza mpaka bandarini, akarudi peke yake, na siku hiyo hakula.

Kurudi kwangu kulikwenda polepole. Mama mkwe alihamisha godoro lake chumbani kwangu. Alimlaza mtoto kwake, akaniletea nimnyonyeshe, akamchukua tena, na hata mara moja hakuuliza kama leo nimempenda. Majirani walisema ni shetani. Wengine walisema ni kiburi cha watu wa Rutshuru. Ikaletwa dawa ya kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikanywa, nikasikia ladha ya zafarani basi. Asubuhi alinikalisha juani na majani ya sombe mapajani, niyachambue. Juzi juzi hapa mjukuu wangu, alipokuwa na mimba, aliulizwa kliniki kama siku za kabla ya mwezi humsumbua, kwa sababu mara nyingi wanaosumbuliwa hapo husumbuliwa tena wakizaa. Nilifurahi kusikia wanauliza. Mvua za mwaka ule niliozaa zikaja, zikaisha.

Asubuhi moja nikasikia mtoto analia uani, na safari hii alikuwa ananililia mimi. Sijui kusema vingine. Nilitoka mbio bila kitambaa kichwani, nikamnyakua mikononi mwa mama mkwe. "Mbona unamuacha analia vile? Hauone ana njaa? Uko kiziwi?" Nilimwita kiziwi, mbele ya jirani! Mtoto akashika ziwa kwa nguvu. Nikanusa kichwa chake, nikalia, lakini kilikuwa kilio kingine kabisa.

Mama mkwe alikaa juu ya jiwe akaningoja nimalize.

"Sasa umerudi," akasema. "Basi nikuulize. Wifi yako anangoja jibu. Nilimuambia kule bandarini, siku utakuwa weye mwenyewe, nitakuuliza. Mutoto, unamutoa?"

"Simutoi," nikasema. "Mama, simutoi."

Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri," akasema. Halafu akajifunika uso kwa kikwembe akamlilia binti yake, na mimi nikasogea nikakaa naye, mtoto angali ananyonya.