Teke la Ng'ombe Aliyekwisha Chinjwa

"Ni chai yako hiyo, shemeji! Tangawizi yako imenitoboa tumbo!"

Alibwata hivyo mbele ya wateja wangu, kiganja kimebana upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, kama mtu aliyeficha kitu ndani ya shati. Wateja wawili wakasukuma vikombe mbali. Nikatua birika.

"Chai yangu inanywewa na nusu ya mtaa huu," nikamjibu. "Imewatoboa wangapi? Au wewe una tumbo la karatasi?"

"Kabla ya kuinywa nilikuwa mzima!"

"Kabla ya kuinywa ulikuwa umekunja sura hivyo hivyo. Usinitafutie balaa asubuhi asubuhi."

Huyo ni mume wa dada yangu, muuza nyama, na bucha lake limepakana ukuta na kibanda changu. Mtaa mzima unamwita Kilo Kamili, kwa kuwa mizani yake haijamwibia mtu. Alianza akiwa kijana mwembamba, akibeba nyama begani kutoka machinjioni, mpaka akapata bucha lake lenye vigae vyeupe, anavyovisugua mwenyewe kila jioni kana kwamba anamsubiri mkwe. Mtu akipita analalamikia tumbo, yeye humwelekeza kwa ncha ya kisu, kwenye ng'ombe aliyening'inia, mahali hasa panapouma. Na watu wazima na akili zao humsikiliza!

Nikamwambia pengine ni bandama.

"Bandama?" Akacheka kwa shida. "Shemeji, nimekata bandama tangu sijaota ndevu, sijasikia hata moja ikilalamika. Ng'ombe upande wa kushoto ana tumbo kubwa la majani. Mimi majani sili. Kwa hiyo ni chai."

Ndipo nikamtazama sawasawa. Midomo ilikuwa imepauka kama unga. Jasho lilimtiririka naye yuko kivulini. Akaegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka chini.

Ugomvi ukaniisha palepale. Nikapiga ukelele, dada akatoka mbio na mwiko mkononi, tukamkokota mpaka kwenye teksi. Njia nzima analalamika kwamba bucha limebaki wazi. Dada anamwambia nyamaza, mimi namwambia dereva kanyaga mafuta, baba, huyu anatufia humu!

Hospitalini tukapata daktari wa kike, kijana, anayeongea haraka kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Huku anambonyeza, huku anauliza.

"Huwa linauma ukiwa na njaa, au ukishakula?" Hapo alikuwa anatafuta vidonda vya tumbo. "Linapenya mpaka mgongoni?" Kongosho. "Mkojo una damu?" Mawe ya figo. "Unakohoa, una homa?" Nimonia ya chini ya pafu, maana nayo huuma hapohapo. "Kifua kinabana?" Moyo. Mimi nilidhani upande wa kushoto una gesi na bandama basi, kumbe pamejaa kama stoo!

Kila swali, shemeji alininyooshea kidole. "Chai, daktari."

"Chai inaweza kuchokoza kidonda," daktari akasema, "lakini haimpaushi mtu namna hii. Bega la kushoto je?"

"Hilo linauma tangu jana, nikilala ndiyo zaidi. Ila hilo ni la kazi, halihusiani."

Daktari akaacha kubonyeza. "Uligongwa na nini?"

"Sijagongwa."

"Ulianguka?"

"Sijaanguka."

"Baba watoto," dada akasema, "sema."

Akatazama dari. Akanitazama mimi. "Huyu atoke kwanza."

"Sitoki!"

"Paja lilinipiga," akanong'ona. "Wiki iliyopita. Paja la ng'ombe. Nilivuta ndoano vibaya, likabembea, likanipata hapa."

Nilijiuma ulimi, lakini wapi. "Shemeji! Umepigwa teke na ng'ombe aliyekwisha chinjwa?"

"Mnaona? Ndiyo maana sikusema!"

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Daktari hakucheka. Alikwishashika kitanda, anakisukuma mwenyewe kuelekea kwenye kipimo cha picha. Aliporudi alisema kwa mkato: bandama imepasuka, damu inavuja tumboni, na damu hiyo ndiyo inayochokoza mpaka bega linauma. Anaingia upasuaji sasa hivi. Na anahitaji damu.

Ya dada haikukubali. Yangu ikakubali! Nikalala, nikanyoosha mkono, nikamwambia muuguzi achote upesi, asinibembeleze.

Tukangoja. Dada alishika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Mlango ulipofunguka tukasimama kwa pamoja, na daktari akavuta barakoa chini. "Mzima." Dada alinirukia, tukaangukia benchi wote wawili, tunalia, tunacheka, watu wanatushangaa.

Kesho yake shemeji alikuwa macho. Daktari akamweleza kwamba bandama wameitoa, na mtu anaishi bila hiyo, ila lazima apate chanjo, na akipata homa yoyote, hata ndogo, aje saa hiyohiyo, asingoje.

"Sawa," akasema. "Ilikuwa na uzito gani?"

"Kama gramu mia mbili."

"Mia mbili? Mwanamume mzima kama mimi? Hiyo ni ya mbuzi hiyo!" Akacheka, nyuzi zikamvuta, akaguna.

Daktari alipotoka, dada akamwambia damu ilikuwa ya nani. Akanigeukia.

"Shemeji, nina deni lako."

"Unalo."

"Chupa nzima?"

"Nzima."

"Nikitoka hapa nakupa maini. Yaliyonona."

"Damu yangu unailipa kwa maini? Thubutu!"

"Sasa nikulipe nini?" Machozi yalikuwa yanateremka mpaka masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

Nikayafuta kwa ncha ya shuka.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Lala."