Mama Mkwe Alipopewa Kipaza Sauti

Mume wangu alirudi kutoka kulinda amani nchi ya jirani bila mguu wa kulia. Gari lao lilikanyaga bomu. Mwanzoni alishinda uani kwetu Mkolani akitengeneza redio za watu, na hata msibani hakutaka kwenda. Waliomtoa ni askari wenzake walioumia. Mmoja alikuja kuomba amsindikize kufuatilia matibabu, akaja mwingine, baadaye wajane. Akazunguka nao maofisini kwa magongo yake mpaka wakubwa wakamzoea. Siku moja tukila akaniambia anagombea ubunge. Nilidhani nimesikia vibaya.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulifanyika uwanja wa shule. Mshereheshaji alipomwona mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amevuka ziwa kutoka kwake Nansio bila kutuarifu, alifurahi, akampa kipaza sauti ambariki mwanawe. Nami nikapiga vigelegele.

Mama akasubiri watu watulie. "Niliwapa mtoto mzima," akasema, "mkanirudishia huyu mnayemwona. Naomba msimchague. Huyu aliyebaki ni wangu."

Kigelegele kilinikaukia mdomoni. Nikasikia turubai likipigwa na upepo wa ziwani. Mshereheshaji alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, mume wangu akamzuia. Alishuka jukwaani taratibu, gongo baada ya gongo, akasimama mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakumbishia. Aliwaambia watu kwamba mama ana haki yake, na anayekubaliana naye afanye alivyoomba. Kisha akaomba tupelekwe nyumbani.

Alishinda. Mpaka leo wapo wanaoniambia walimpigia kura kwa sababu ya maneno ya yule mama. Wengine huapa kwamba walikuwa wameshaamua zamani. Mimi sijui.

Matokeo yalipotangazwa, mama alikuwa jikoni kwetu anachambua dagaa. Nikamwambia mwanawe amepita. Hakuinua kichwa.

"Huko Dodoma," akaniuliza, "nani atamkanda huo mguu uliokatika ukimuuma?"

Watoto wangu walikuwa wanasoma hapa, nisingeweza kuhama. Mama akanawa mikono, akavuka kwenda kwake kufunga mizigo. Walipoondoka na mume wangu kwenda bungeni, yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele garini.