Marehemu Anayeingia Kazini Saa Moja

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mama Waya anafungua chumba cha seva, chini kabisa ya jengo la hospitali, anavaa sweta juu ya gauni na kuketi mbele ya kompyuta. Anaandika neno la siri. Kioo kinamkaribisha kwa jina la mwanamume aliyezikwa miaka sita iliyopita.

"Shikamoo, Mhandisi," anajibu kwa sauti ya chini, kisha anaanza kazi.

Jina la Mama Waya amelipata kwa kutembea na nyaya shingoni kutwa nzima. Aliajiriwa hapa kupokea simu, akiwa na cheti cha kidato cha nne. Mhandisi, mwenye shahada ya kompyuta na subira ya ajabu, alimfundisha ufundi wakati wa mapumziko ya mchana. Alipougua alimwachia neno la siri. Alipofariki, seva zilibaki bila mtu.

Kwa taratibu za hospitali, akaunti kuu hupewa mwenye shahada tu, na hakupatikana. Mkuu wa idara akamwambia Mama Waya atumie ya marehemu kwa muda. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na muda huo umefika miaka sita.

Tangu hapo, kila faili la mgonjwa linalopatikana baada ya kupotea, kila mashine ya maabara inayorudi kazini, huandikwa kwa jina la marehemu. Daktari mmoja mgeni alimtumia Mhandisi ujumbe: "Kaka, wewe kiboko. Uko chumba gani nije nikushukuru?" Mwaka jana mfumo ulimteua marehemu kuwa mfanyakazi bora na barua ya pongezi ikabandikwa ubaoni. Ilikaa saa mbili kabla mtu hajaibandua.

"Siku ile niliogopa," anasema Mama Waya. "Nilisoma meseji zangu nikaona naandika kama yeye. Mpaka utani wake! Nikajiuliza, sasa mimi niko wapi?"

Mwezi huu swali hilo limemfika shingoni. Nafasi ya Mhandisi imetangazwa: shahada, au miaka mitano ya uzoefu uliothibitishwa. Mama Waya aliomba mbiombio, roho juu. Ofisa utumishi akafungua kumbukumbu. Kazi 4,112 zilikuwa za marehemu. Za Mama Waya, sifuri.

"Akaniambia, 'Dada, sote tunajua unafanya kazi. Lakini kwa mfumo, hujawahi kuigusa kompyuta.' Yaani shahada ya mtu aliye kaburini ina nguvu kuliko mikono yangu mimi ninayepumua!"

Hata hivyo, Mama Waya haidharau elimu. "Aliyenifundisha alikuwa msomi. Bila chuo chake, mimi ningejulia wapi? Ila ujuzi unahama, ndugu yangu. Karatasi haihami."

Amepewa njia moja: aombe kwa maandishi akaunti ya marehemu ifungwe, afunguliwe yake, kisha ajaribiwe miezi miwili. Akikwama, nafasi inakwenda kwa mwenye shahada. Fomu ilikaa siku tisa mkobani bila sahihi. Kilichomzuia kiko ghorofa ya pili.

Huko wodini anafanya kazi mjane wa Mhandisi, muuguzi. Kila asubuhi, kwenye programu ya ujumbe ya hospitali, jina la mumewe huwaka taa ya kijani: yupo kazini. Wenzake wanasema huitazama kwanza, ndipo avae glavu.

Juzi Mama Waya alipanda ngazi kwenda kumwona, mwandishi wa makala haya akiwa nyuma yake.

"Wifi, nimekuja kukuomba. Nataka kuifunga akaunti ya kaka," alisema, na machozi yakamtoka.

Mjane hakushtuka. "Nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza. Mume wangu yule hajawahi kufika kazini kabla ya saa tatu."

Wakacheka wote wawili, wakacheka hadi wagonjwa wakageuka. Kisha mjane akamshika mkono. "Ila isiwe kesho. Iwe Ijumaa, nina zamu. Nimuage."

Fomu imeshatiwa sahihi. Mama Waya anaitaka nafasi ile kwa moyo wote, wala hafichi. Akikosa, anasema, atarudi kupokea simu.

"Lakini watakuwa wamenikataa mimi," anasema. "Miaka sita, hata kukataliwa sijawahi."